Hoteli ya Mizpah, Tonopah: lipia jengo, mzuka ni nyongeza

Tonopah, Nevada, ni mji wa kupita. Anayetoka Las Vegas kwenda Reno kwa barabara ya US 95 anaufikia baada ya kilometa 338 za jangwa, anajaza mafuta, anajinyoosha mgongo, anasonga mbele. Kinachostahili kumsimamisha ni jengo la tabaka tano kando ya barabara hiyohiyo, uso wake wa mawe, ubavu na mgongo wa matofali. Hiyo ndiyo Mizpah, iliyofungua milango Novemba 1908 wakati mji ulikuwa na umri wa miaka minane tu. Mwaka 2018 wasomaji wa gazeti la USA Today waliipigia kura kuwa hoteli namba moja ya mizuka Marekani, na tangu hapo wageni wengi hufika wakiwa na tochi na vipimo kuliko wanaofika na usingizi.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Hoteli ni nzuri, na visa vyake ni vitamu, lakini karibu nusu ya visa hivyo havivuki mtihani mdogo kabisa, ule wa kutazama kalenda. Anayekwenda akijua kipi kina mguu na kipi kinaelea atafaidi zaidi, na atachagua chumba kwa akili.

Tuanze na fedha, maana bila fedha kusingekuwa na hoteli wala mzuka. Mei 1900 mtu aitwaye Jim Butler alikuwa akipita mahali palipoitwa Tonopah Springs. Kisa kinachopendwa ni kwamba punda wake alitoroka usiku, Butler akamfuata asubuhi akiwa na hasira, akaokota jiwe la kumrushia, akaliona ni zito isivyo kawaida. Punda aaminiwe au asiaminiwe, mawe yalikuwa ya kweli. Butler hakuwa na pesa ya kuyapima, akamshirikisha wakili kijana, Tasker Oddie, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Nevada. Majibu yalipotoka Butler na mkewe Belle wakarudi kuweka alama za vitalu vyao, na kimoja wapo kikaitwa Mizpah. Inasimuliwa kuwa Belle ndiye aliyekipa jina. Kitalu hicho kilikuja kuwa tajiri kuliko vingine vyote.

Butler hakuanza kwa mtaji. Aliwakodishia wachimbaji zaidi ya 100 vipande vya mwamba kwa neno la mdomo, bila karatasi, yeye akichukua robo ya kinachopatikana. Aliyefanya kazi Mererani au kwenye maduara ya Geita ataitambua hesabu hiyo haraka: mwenye kitalu hana pesa, mchimbaji hana kitalu, mgao ndio unaoziba pengo. Kilichoshangaza watu ni kwamba mikataba hiyo ya mdomo iliheshimiwa. Baadaye vitalu vikauzwa kwa matajiri wa Philadelphia, reli ikafika 1904, na mwaka 1905 Tonopah ikawa makao makuu ya wilaya ya Nye.

Jina lenyewe lina utani ndani yake. Mizpah ni Mispa ya Mwanzo 31, pale Yakobo na mkwewe Labani walipojenga chungu ya mawe na kumwomba Bwana aangalie kati yao wakiwa mbali. Wamarekani wa zama zile waliliandika neno hilo kwenye pete za wachumba, wakidhani ni sala ya mapenzi. Anayesoma sura yote ataona ni mkataba wa watu wawili wasioaminiana hata kidogo, kila mmoja akichelea mwenzake asivuke mpaka. Kwa mji wa madini hilo linafaa zaidi kuliko mapenzi.

Waliotoa pesa za hoteli ni George Wingfield, George Nixon, Cal Brougher na Bob Govan. Wingfield alianza kama mcheza kamari akaishia kuwa mwenye mabenki. Nixon alikuwa seneta. Hawakujenga nyumba ya kulala wachimbaji. Walijenga ishara kwamba Tonopah si kambi ya mahema. Ndiyo maana walitumia zege lenye nondo, mawe mbele, na lifti ya umeme wakati watu wengi wa jangwani walikuwa hawajawahi kuiona. Uamuzi huo ndio uliookoa jengo. Miji ya madini ya Nevada ilijengwa kwa mbao na turubai, ikaungua: moto wa Goldfield mwaka 1923, kilometa 42 kusini, ulimaliza sehemu kubwa ya mji ule. Mizpah na jengo la jirani la Belvada, nalo la tabaka tano, yaligawana sifa ya kuwa marefu kuliko yote Nevada hadi miaka ya 1920. Hoteli iliingizwa kwenye rejista ya taifa ya majengo ya kihistoria mwaka 1978, ikafungwa 1999, ikakaa tupu miaka 12, na ikafunguliwa tena Agosti 2011 baada ya kununuliwa na familia ya Cline, wazalishaji wa mvinyo wa California.

Sasa chumba. Vyumba havifiki 50, na vingi ni vidogo. Mwenye masanduku mawili makubwa na watoto wawili aulize ukubwa kabla ya kulipa; asidhani kwamba bei ya hoteli ya kihistoria inanunua nafasi. Inanunua mbao nyeusi za ukumbini, vioo vya rangi, pazia nzito na, katika baadhi ya vyumba, beseni la kuogea la zamani lenye miguu ya chuma. Kuingia kwenye beseni hilo kunataka kuinua mguu juu. Mzee mwenye magoti mabovu aombe chumba chenye bafu la kusimama, na aombe wakati wa kuweka nafasi, si saa tatu usiku akiwa mapokezini.

Kuhusu namba, kuna mtego wa lugha. Wamarekani huhesabu tabaka la chini kuwa la kwanza. Chumba cha 504, ambacho kwao kiko "ya tano", kwa hesabu ya Dar es Salaam au Mombasa kiko ghorofa ya nne, na ndiyo ya juu kabisa. Juu ya hapo ni paa. Jambo hili dogo lina uzito, maana vyumba vya chini ya paa ndivyo vinavyopata joto la jangwa mchana na kulipoteza usiku, na ndivyo hasa vinavyotajwa sana kwa mizuka. Tutarudi hapo.

Barabara kuu ya mji ndiyo US 95 yenyewe, na malori hupita mchana na usiku, yakishuka mlima huku yakipunguza mwendo kwa injini. Chumba kinachotazama barabara kina mandhari na kina kelele. Anayetaka kulala achukue upande wa nyuma, tabaka la pili au la tatu. Anayetaka kusikia hatua za marehemu achukue upande huohuo wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele hatasikia kitu zaidi ya breki.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Chini kuna Pittman Café, na ukumbi wa chakula cha jioni unaoitwa Jack Dempsey. Thibitisha siku na saa za ukumbi wa jioni kabla ya kufika, maana mji wenyewe ni mdogo na ukichelewa njaa itakusumbua kuliko pepo.

Mzuka mkuu wa Mizpah ni Bibi wa Nguo Nyekundu. Kisa, kwa ufupi wake: mwanamke aliyeishi kwa kuuza mwili alikuwa na chumba tabaka la tano, mwanamume mwenye wivu akamnyonga koridoni, mkufu wake wa lulu ukakatika na shanga zikatawanyika sakafuni. Tangu hapo wageni wanaume husema wamenong'onezwa sikioni, hasa ndani ya lifti au kitandani, na mara mojamoja mtu huamka akakuta lulu moja kwenye mto. Vyumba vya 502 na 504 ndivyo vinavyotajwa zaidi, na hoteli haifichi jambo: kuna chumba kinachouzwa kwa jina lake.

Sifa ya kisa hiki ni lulu. Mizuka mingi duniani haina mkono wala mfuko. Huyu anaacha kitu. Aliyekulia Mombasa akisikia habari za mwanamke mrembo wa usiku mwenye kwato atagundua tofauti: yule wa pwani anakuja kuchukua, huyu wa Nevada anakuja kutoa. Lakini lulu hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Shanga ya plastiki yenye rangi ya lulu ni kitu rahisi sana kuweka juu ya mto, na mgeni aliyetangulia, rafiki mwenye mzaha au mtu yeyote aliyeingia chumbani anaweza kuiacha. Ukiikuta, isugue taratibu kwenye ncha ya jino. Lulu halisi hukwaruza kama mchanga laini. Ya plastiki au ya kioo huteleza. Kipimo hiki hakithibitishi mzuka. Kinathibitisha tu ni aina gani ya shanga.

Msimulizi akifika kwenye mauaji, muulize maswali matatu: mwaka gani, muuaji nani, alihukumiwa wapi. Hapo masimulizi huanza kukimbizana. Mmoja atasema mume, mwingine mpenzi wa zamani, wa tatu mcheza kamari aliyepoteza. Tonopah ilikuwa na magazeti yake tangu 1901, na ilikuwa makao makuu ya wilaya yenye mahakama. Mauaji ndani ya hoteli kubwa kuliko zote, iliyojengwa na watu wa benki, ni habari ya ukurasa wa kwanza, si ya kunong'onezwa. Anayependa kufuatilia aende Makumbusho ya Nevada ya Kati, hapohapo mjini, ambako kumbukumbu za eneo hili zimehifadhiwa. Aende na jina na tarehe. Akienda na rangi ya gauni peke yake atawapotezea watu muda.

Hadithi za vyumba vya chini ya ardhi zina tatizo la aina nyingine. Inasemwa kwamba wachimbaji walichimba njia kutoka chini ya hoteli hadi kwenye hazina ya benki jirani, wakafaulu, kisha mwenzao mmoja akawaua wote kwa tamaa, na roho zao zikabaki mle. Kwamba wachimbaji wangeweza kutoboa ukuta, hilo halina ubishi: ndiyo kazi waliyoijua. Lakini kuchimba ni kelele, ni vumbi, na zaidi ya yote ni kifusi. Njia ya mita kumi, ya mtu kutambaa tu, yenye upana na kimo cha karibu mita moja, inatoa mita za ujazo kumi za mwamba, na mwamba ukishavunjwa hujaa zaidi ya nusu tena ya ujazo wake wa awali. Hiyo ni mikokoteni mingi ya mawe ya kupitisha mlango wa hoteli bila mtu kuuliza. Aliyewahi kutoa kifusi kwenye duara atacheka kabla ya kufika mwisho wa kisa. Tabaka la tatu nalo lina sauti za watoto wanaocheka, hadithi isiyo na maelezo, na kwa sababu haina maelezo haiwezi kukanushwa wala kuungwa mkono.

Wakubwa watatu waliobandikwa kwenye kuta za hoteli hii wanastahili kuangaliwa mmoja mmoja.

Wyatt Earp, askari mashuhuri wa Magharibi, anasemwa aliendesha baa ya Mizpah. Earp alifika Tonopah kweli, mwaka 1902, na alikuwa na baa hapa, ikiitwa Northern. Lakini aliuacha mji kabla hoteli haijajengwa. Kalenda imemkataa.

Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, anasemwa alikuwa baunsa mlangoni. Alizaliwa 1895, hoteli ilipofunguliwa alikuwa na miaka 13. Lakini mwaka 1915, akiwa bado hana jina, alipigana na Johnny Sudenberg mara mbili, Goldfield kisha Tonopah. Kwa hiyo alikuwa mjini, akiwa na njaa na ngumi. Ubaunsa wenyewe aliukana. Ukumbi wa chakula umebaki na jina lake, na hakuna ubaya, ila ukila pale usile kwa kuamini.

Wa tatu ni Seneta Key Pittman, na hapa uongo na ukweli vinashindana kwa ubaya. Kisa cha hotelini kinasema Pittman alikufa ndani ya Mizpah kabla ya uchaguzi wa Novemba 1940, wafuasi wakauweka mwili kwenye beseni lililojaa barafu hadi kura zilipohesabiwa, akashinda akiwa maiti. Pittman aliishi Tonopah kama wakili tangu 1902 na alikuwa seneta tangu 1913, kwa hiyo jina lake hapa si la kuazima. Kilichotokea ni hiki: usiku wa kuamkia uchaguzi alikuwa hoteli nyingine kabisa, Riverside ya Reno, akapatwa na shambulio kali la moyo. Madaktari waliwaambia watu wake kwamba hatapona. Chama kikasema amechoka tu, wananchi wakapiga kura tarehe 5, akashinda, na tarehe 10 Novemba akafariki hospitalini Reno. Hakukuwa na barafu wala beseni. Kulikuwa na watu wazima waliojua kwamba mgombea wao anakufa, wakaacha umma umchague. Hilo lilichambuliwa na mhifadhi wa nyaraka wa jimbo la Nevada, Guy Rocha, aliyetumia miaka mingi kufagia hadithi za namna hii. Unapooga kwenye beseni la Mizpah unaweza kuwa na amani.

Kuna na wa nne, nusu: tajiri Howard Hughes alifunga ndoa na mwigizaji Jean Peters Tonopah mwaka 1957. Mji ni sahihi. Hoteli siyo hii.

Kwa wanaokuja kuwinda, vifaa vinavyobebwa na wengi ni vitatu, na kila kimoja hudanganya kwa njia yake.

Kipima sumaku-umeme ndicho kinachowatia watu wazimu. Kinapiga kelele karibu na waya, swichi, jokofu dogo, mota ya lifti na simu ya mkononi. Kabla ya kukitumia, weka simu zote kwenye hali ya ndege, kisha zunguka chumba mchana, ukuta kwa ukuta, uandike namba kwenye karatasi. Vipimo vya bei nafuu husoma upande mmoja tu, hivyo kila mahali kigeuze mara tatu: wima, ubavu, na kulala. Rudi saa nane usiku ufanye vilevile. Tofauti tu ndiyo yenye maana, na hata hiyo, uliza kwanza kama lifti ilikuwa ikitembea. Chumba kilicho karibu na lifti kitakupa mizuka kila mgeni anapochelewa kurudi.

Kipimajoto cha miale nyekundu, kile cha umbo la bastola, hakipimi joto la hewa hata siku moja. Kinapima uso unaoelekezwa. Ukikielekeza kwenye shaba iliyosuguliwa, kitakupa joto la kitu kinachoakisiwa, pengine dirisha la baridi upande wa pili. "Sehemu ya baridi" katikati ya chumba haiwezi kuonekana kwa kifaa hiki. Unataka kipimajoto cha kawaida cha hewa, kilichotulia mahali pamoja dakika kumi, mbali na dirisha na mbali na mwili wako.

Kamera yenye mwanga mkali hutoa zile duara nyeupe zinazoelea. Jangwani vumbi halikosi, na chembe iliyo sentimita chache mbele ya lenzi, ikipigwa na mwanga, huonekana kama puto. Zima mwanga, weka kamera kwenye kiti, acha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa. Duara zitatoweka zote. Hiyo haifurahishi, lakini ndivyo ilivyo.

Sauti ni ngumu zaidi kuzikataa, maana zipo. Tonopah iko karibu mita 1,840 juu ya bahari, na wakati wa kiangazi tofauti ya joto kati ya mchana na usiku hufika nyuzi 15 hadi 20. Jengo lenye zege, mawe, matofali, mbao na mabomba ya chuma lina vitu vitano vinavyosinyaa kwa kasi tofauti. Kuanzia saa nne usiku hadi karibu na alfajiri vinavutana, na mvutano huo hutoka kama kugonga, kukwaruza, au hatua tatu nne mfululizo juu ya dari. Tabaka la juu, chini ya paa, ndilo linalopoa haraka kuliko yote. Hapo ndipo alipo Bibi wa Nguo Nyekundu. Upepo wa jangwani ukiongezeka, madirisha ya zamani huimba.

Mnong'ono wa sikioni nao una jina la kale kwa Kiswahili: jinamizi. Mtu ameendesha gari kwa muda wa saa nne au tano, amekunywa bia mbili mahali pakavu palipo juu kuliko alipozoea, amelala chali kitandani asichokizoea, na ameambiwa mapokezini nini cha kutarajia. Akili inaamka kabla ya mwili, mwili hausogei, kuna uzito kifuani na mtu yupo chumbani. Kupunguza uwezekano wake: maji ya kutosha tangu mchana, pombe kidogo au kuiacha, kulala ubavu. Kuuongeza, fanya kinyume. Wanaolipia chumba cha Bibi kwa kawaida hufanya kinyume bila kujua.

Je, chumba hicho kina thamani ya nyongeza yake? Kwa wapenzi wa mizuka, ndiyo, mara moja, na waweke nafasi mapema hasa kwa Oktoba. Kwa wengine wote chumba cha kawaida cha tabaka la tatu kina jengo lilelile, ngazi zilezile na lifti ileile, na usingizi bora. Kama Mizpah imejaa, Belvada iko ng'ambo ya barabara. Ilijengwa kuwa benki, ikageuzwa hoteli na wenye Mizpah hao hao, na kwa mvuto wa kihistoria haipungui sana ila haina Bibi. Hoteli ya Goldfield, ile ya mawe na matofali inayoonekana njiani na ambayo watu huichanganya na hii, haijapokea wageni wa kulala kwa miongo mingi. Piga picha kwa nje uendelee.

Njia yenyewe ina mambo yake. Kutoka Las Vegas jaza tangi Beatty, kwa sababu kutoka hapo hadi Tonopah ni kilometa 150 na Goldfield si mahali pa kutegemea mafuta. Kati ya Beatty na Goldfield angalia punda mwitu barabarani, hasa jioni. Ni wajukuu wa punda wa wachimbaji, na pengine wana haki ya barabara kuliko sisi. Ukiingia Goldfield mwendo hushuka hadi maili 25 kwa saa, na huo si ushauri. Anayeondoka Tonopah kwenda mashariki kwa US 6 hadi Ely ajue kuna karibu kilometa 270 bila kituo cha mafuta. Usiku wa Januari joto hushuka chini ya nyuzi 0, hivyo koti si pambo. Usiku huohuo zima taa za gari nje kidogo ya mji utazame juu: nyota za Tonopah ni moja ya sababu bora za kulala hapa, na hazihitaji kipimo.

Mgeni mwenye nusu siku apande kilima nyuma ya hoteli hadi Hifadhi ya Kihistoria ya Madini, ambako vitalu vya kwanza vya Butler bado vipo, ukiwemo mnara wa chuma wa mgodi wa Mizpah. Tenga saa mbili na viatu vyenye soli nene. Njia ya chini ya ardhi ya Burro inamalizikia kwenye kizimba cha chuma kinachoning'inia juu ya shimo la uchimbaji lenye kina cha mita 150 hivi. Mwenye kizunguzungu abaki nje. Usitoke kwenye njia zilizowekewa alama, kwa sababu ardhi ya hapa imetobolewa chini na sehemu zake zilishaporomoka zamani.

Halafu, kabla ya kuondoka, shuka barabara kuu kuelekea kaskazini hadi makaburi ya zamani, yaliyotumika kati ya 1901 na 1911. Yako bega kwa bega na moteli iliyojaa sanamu za wachekeshaji wa sarakasi, jambo ambalo hakuna mtu angethubutu kulibuni. Nenda asubuhi, jua la mchana halina kivuli pale. Vibao vingi ni vya bati lililotobolewa herufi kwa msumari, na baadhi vina maelezo ya sababu ya kifo. Utakuta waliokufa kwa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu mwaka 1902, na baadhi ya wanaume 17 waliokufa kwenye moto wa mgodi wa Belmont tarehe 23 Februari 1911. Mmoja wa waliokufa siku ile ni Bill Murphy, mwendesha lifti ya mgodi, aliyeshuka kuwatoa wenzake kwenye moshi, akapanda nao, akashuka tena, na safari ya mwisho hakurudi. Hakuna chumba kinachouzwa kwa jina lake. Jina na tarehe vipo.